Haya Mzee, Nimekuelewa

Kisanduku cha simu cha Lango la Kumi na Tisa kililetwa ofisini Jumanne asubuhi ndani ya kiroba cha mbolea, tope limekijaa hadi kwenye matundu ya spika. Dereva alikitua mezani kwa mhandisi wa mtandao, Generosa Lihoka, akajifuta mikono kwenye suruali. Alisema kimeokotwa kwenye matawi ya mti, mita mia tatu kutoka pale lango la maji lilipokuwa. Mlinzi wa lango, Mzee Landolini Mkopi, alikuwa ameokotwa mbali zaidi ya hapo, siku ya Ijumaa.

"Meneja amesema usikifungue," dereva aliongeza. "Kiende stoo moja kwa moja."

"Meneja si fundi," Generosa alisema, akachukua bisibisi.

Alikuwa na hasira tangu Ijumaa, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi. Watu tisa walikuwa wamekufa maji. Wanane walikwishazikwa. Wa tisa, yule mzee, alikuwa bado chumba cha maiti cha misheni kwa sababu watu wa kijiji chake walikataa alazwe pamoja na wenzake. Walisema yeye ndiye aliyewaua. Ukuta wa lango ulikuwa unapasuka, naye akapiga simu makao makuu akasema salama. Rekodi ipo, imesikika, kila mtu bondeni ameisimulia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebisha. Fidea, binti yake, alisema alisimama kando ya baba yake asubuhi ile, spika ikiwa wazi, akamsikia akieleza habari yote ya ukuta. Kwa ubishi huo, Meneja Rwekaza alikuwa ameandaa barua ya kumshitaki kwa ushahidi wa uongo.

Generosa alikausha ubao wa ndani kwa kikausha nywele, akauunganisha na kompyuta yake. Visanduku vile vilihifadhi sauti halisi ya mwenye simu kwa siku saba, ili vijifunze kumwigiza vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipangia hivyo. Akavaa hedifoni.

Ilianza kwa mvua, mvua nyingi, halafu sauti ya Bi Teopista wa swichibodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Habari za huko?"

"Si nzuri, mama. Si nzuri hata kidogo. Ukuta wa kushoto umepasuka, mkono mzima unaingia. Waambieni wa malango ya juu wafunge sasa hivi, na mlete gari tutoe watu. Mimi nimeshika gurudumu la lango, nikiliachia linazunguka lenyewe. Niambie, mama, nibaki nalo au niwakimbize watu? Nibaki au niondoke?"

Mvua ikanyesha sekunde mbili. Kisha sauti ya Bi Teopista, safi, bila mkwaruzo hata mmoja, tulivu kama mtu anayekunywa chai:

"Haya mzee, nimekuelewa. Kazi njema."

"Haya, mama," mzee alisema, na pumzi ilimshuka, ilisikika ikimshuka. "Nipo hapahapa basi. Nawasubiri."

Akarudisha simu taratibu mahali pake.

Generosa alivua hedifoni akazitupa mezani. Sasa alijua hasira yake ielekee wapi, na ilikuwa inamwelekea yeye mwenyewe.

*

Tangu setilaiti zilipoanza kufa moja moja bila mtu wa kurusha nyingine, bonde lilikuwa limebakiwa na njia moja ya mtandao, iliyorukia minara saba ya redio kutoka kilima hadi kilima. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Malango yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, na walinzi wote walipiga simu asubuhi ileile, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, kuripoti maji. Njia ilibeba simu kumi na nne kwa wakati mmoja. Ya kumi na tano ikiingia, zote zilianza kukwaruza na kumezana maneno.

Generosa alikuja na dawa. Alitengeneza visanduku ambavyo havikubeba sauti bali alama. Mlinzi akisema neno, kisanduku chake kililibana na kutuma alama ndogo, na kisanduku cha ofisini kililitamka upya kwa sauti ya mlinzi yuleyule, na kikohozi chake. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Simu zikafika thelathini.

Kisha akapima mazungumzo ya mwezi mzima na kukuta kwamba theluthi nzima ilikuwa salamu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, za nyumbani, za mvua, salama, salama tu, tunamshukuru Mungu. Kila siku yaleyale na kila mtu anajibu yaleyale. Mbona tubebe njia nzima kitu tunachokijua? Akaviagiza visanduku visitume salamu kabisa. Kila upande ujazwe hapohapo ulipo. Hiyo ya pili ikafikisha simu arobaini na tano.

Hatua ya tatu ndiyo iliyompa cheti na friji kwenye sherehe ya wafanyakazi. Simu zilizokatika njiani zilikuwa zikining'inia na kula nafasi, na zaidi ya hapo walinzi wazee walikuwa wakilalamika. Waliandika barua, wengine kwa wino mwekundu. Ofisi inatukatia simu usoni bila kuaga, sisi ni watoto? Kwa hiyo Generosa aliandika kanuni kwa mkono wake mwenyewe: mawasiliano yakipotea zaidi ya sekunde mbili, kisanduku cha kila upande kimuage mtu wake kwa heshima, kwa sauti ya mwenzake, na kuifunga simu. *Mpigaji asiachwe hewani*, aliandika pembeni. Simu zikafika sitini na malalamiko yakaisha siku hiyohiyo.

Aliona ni adabu tu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na yeye mwenyewe, mtu wa bonde hilohilo, aliyelelewa na bibi aliyeweza kusema "nzuri" kwa namna ishirini na kila namna ikawa na habari yake, hakujiuliza hata mara moja.

*

"Kazime hiyo kompyuta," Meneja Rwekaza alisema alipomaliza kusikiliza. Alikuwa mtu nadhifu, mrefu, wa kukunja mikono ya shati mara mbili barabara, na hakuwa mjinga. Ndiyo maana Generosa alimchukia zaidi asubuhi ile.

"Sizimi. Mchana huu bodi inakaa. Naipeleka."

"Peleka. Halafu?"

"Halafu yule mzee anazikwa na watu wake!"

"Halafu bodi itasema visanduku vizimwe vyote leo hii. Wewe ndiye ulinionyesha hesabu, si mimi. Bila visanduku tunarudi simu kumi na nne. Lango la mwisho litasikika saa ngapi?"

Generosa alijua. "Saa tano."

"Na maji ya juu yanafika mjini baada ya muda gani?"

"Baada ya saa tatu tu."

"Tuko katikati ya masika, Generosa. Mvua haijamaliza. Mtu wa lango la mia mbili akiwa na ukuta uliopasuka kesho, atapiga simu saa kumi na mbili na nusu atakuta njia imejaa, atapiga saa moja imejaa, saa mbili imejaa. Huyo utamwambia nini? Mzee Mkopi amekwishakufa. Kumlaumu hakumwongezei kitu. Hafungwi, hafukuzwi kazi."

"Binti yake atafungwa."

"Ile barua naweza kuichana."

"Ichane basi."

"Nitaichana ukikiacha kisanduku stoo."

Mbaya zaidi ya yote, hesabu ilikuwa sahihi. Generosa ndiye aliyeifanya. Alikibeba kisanduku kwapani na tope lake, akatoka bila kuaga.

*

Bi Teopista Ngwila alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo alikuwa amekikalia kiti kilekile cha swichibodi. Aliwajua walinzi wote kwa majina ya wake zao na magonjwa yao. Wengi hakuwahi kuwaona. Generosa alimkuta anakula muhogo kutoka kwenye bakuli la plastiki, taa za simu zimetulia, mchana ukiwa hauna kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umefura hivyo? Nani kakuudhi?"

"Mama, unaitwa kwenye bodi saa nane?"

"Naitwa. Nakwenda kusema nilichosikia." Aliusukuma muhogo kando. "Nilimuuliza habari za huko, akaniambia salama tu mama, tunamshukuru Mungu. Akaniaga. Kwa masikio yangu haya. Yule binti namhurumia, amefiwa, lakini anaponiita mwongo mbele ya bonde zima, hapana. Tena anasema nilimwambia baba yake nimekuelewa. Mimi! Sikulitamka neno hilo."

"Hakusema uongo, mama. Na wewe hukusema uongo."

Bi Teopista alimtazama. Generosa alikuwa amepanga namna ya kueleza, taratibu, hatua kwa hatua, lakini maneno yalimkimbia. Akamvalisha hedifoni akabonyeza.

Uso wa yule mama haukubadilika kwa muda mrefu. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza simu zote. Kisha ilipofika pale, midomo yake ikafunguka.

"Nani huyo?"

"Ni kisanduku. Laini ilikatika. Kikamuaga kwa sauti yako."

"Rudisha."

Generosa alirudisha. Nibaki au niondoke. Haya mzee, nimekuelewa. Kazi njema.

"Kwa hiyo alibaki," Bi Teopista alisema. "Aliniuliza mimi, nikamwambia abaki."

"Si wewe, mama."

"Yeye alijua ni nani?" Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Yeye alijua ni kisanduku? Alijua ni Teopista! Miaka kumi na tisa nazungumza naye, alipofiwa mke nililia naye kwenye simu hii, angenikatalia? Ningemwambia kimbia angekimbia!" Alimnyooshea kidole. "Ulichukua sauti yangu ukaitia kwenye masanduku mia mbili. Nani alikupa? Uliniomba lini? Mimi nilikuwa nakupongeza. Nilikupigia makofi siku ya friji!"

Generosa alikuwa na maelezo mengi, kuhusu minara na kuhusu zile barua za wino mwekundu, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale.

"Ningeweza kutokukuambia," alisema hatimaye. "Ungekwenda bodi ukasema ulichosikia, ukalala usingizi."

"Na yule binti?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Bi Teopista aliinua kiti chake, akakaa, akajifunika uso kwa kanga. Alipoufunua macho yalikuwa makavu. "Nenda ukawaambie," alisema. "Lakini usiwaelezee kihandisi. Watakuelewa kwa adabu, halafu hawatafanya kitu. Wafanye wasikie."

*

Bodi ilikaa chumba cha mikutano, wajumbe wanne na Meneja. Mwenyekiti, Bwana Tamimu Hozza, alikuwa Dodoma, barabara ikiwa imekatika, na alihudhuria kwa simu ya kisanduku iliyowekwa katikati ya meza. Sauti yake ilitoka safi, nzito, kama ameketi pale.

Rekodi ya ofisini ilichezwa. *Salama tu mama, tunamshukuru Mungu.* Mjumbe mmoja alisonya. Bi Teopista alipoulizwa kama ndivyo alivyosikia, alijibu kwamba ndivyo, na kwamba Mzee Mkopi hakuyasema. Wakatazamana. Meneja Rwekaza alianza kueleza kuhusu mshtuko na umri wa shahidi.

"Mwenyekiti, naomba kusema," Generosa alidakia. "Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo."

"Sema, mhandisi," simu ilisema.

Alisimama, akaizunguka meza akieleza kwa sauti ya kawaida ukubwa wa njia na idadi ya simu. Alipofika nyuma ya kiti cha Meneja, aliinama, akauchomoa waya wa mtandao ukutani. Hakuna aliyeona. Akahesabu moyoni, moja, akairukia simu kabla ya mbili, maana kila salamu iliyojazwa hapohapo ilianzisha hesabu upya.

"Mwenyekiti, habari za huko Dodoma?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu," ilisema sauti nzito ya Bwana Hozza.

"Na za nyumbani?"

"Nyumbani wazima kabisa."

Wajumbe walianza kukunja nyuso, wakishangaa salamu za katikati ya kikao. Generosa aliisogelea simu. Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, akaiacha ipande.

"Mwenyekiti, nyumba yako inaungua moto. Watoto wako wamo ndani. Watoke au wabaki?"

Sekunde mbili.

"Haya mhandisi, nimekuelewa," ilisema simu kwa upole. "Kazi njema."

Generosa aliinua mkono. Waya ulining'inia kutoka kwenye ngumi yake, ncha yake ikicheza hewani mbele ya macho yao, na taa ya simu ikazimika yenyewe.

"Huyu mliyemsikia si Mwenyekiti!" alipiga kelele. "Mwenyekiti hayupo! Saa hii yuko Dodoma anasikia *sisi* tunamuaga, naye anajibu ahsanteni! Hivi ndivyo alivyouawa Landolini Mkopi. Aliuliza abaki au aondoke, na kitu nilichokitengeneza mimi kikamjibu kwa adabu. Alikaa ameshika gurudumu akisubiri gari. Na nyinyi mnamnyima kaburi!"

Mjumbe aliyesonya alikuwa ameshika shavu lake. Meneja Rwekaza aliutazama waya, kisha akamtazama Generosa, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyeogopa.

"Na kesho asubuhi?" aliuliza taratibu. "Lango la mia mbili?"

"Kesho asubuhi nitakaa swichibodi mwenyewe. Lango la mia mbili likikuta njia imejaa, litajua imejaa. Litapiga kengele ya kanisa, litatuma pikipiki, litakimbia. Halitadanganywa kwamba limesikika. Labda mtu atakufa kwa uamuzi huu, meneja, nami nitaubeba. Lakini hatakufa akinisubiri."

*

Visanduku vilizimwa saa kumi jioni. Generosa alifuta sauti moja moja kwenye seva, na aliyoanza nayo ilikuwa ya Bi Teopista, mara mia mbili na kumi na mbili, mwenye sauti akiwa amesimama nyuma yake anahesabu. Barua ya kusimamishwa kazi ilikuwa imewekwa juu ya kibodi. Ilisema ianze kutumika masika yakiisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuiendesha njia.

Asubuhi iliyofuata saa kumi na mbili na nusu taa zote za swichibodi ziliwaka kwa pamoja, na ilikuwa vurugu tupu. Mikwaruzo, miluzi, maneno nusunusu, walinzi wakimezana, mtu wa lango fulani akirudia "haloo" kama aliyetumbukia kisimani. Bi Teopista hakuzigusa. Aliivuta laini ya Lango la Kumi na Nane, alikokuwa amehifadhiwa binti wa marehemu, akaomba apewe simu.

"Fidea? Ni mimi, Teopista wa ofisini. Mwanangu, bodi imeandika. Baba yako alisema kweli, na wewe ulisema kweli. Wazee wa kijiji wamepelekewa barua tangu jana. Atazikwa na wenzake. Nimepiga nikuombe—"

Mkwaruzo. Bi Teopista aliikandamiza hedifoni sikioni. Generosa, kiti cha pili, alisikia nusu yake.

"Nitajuaje?" Sauti ya msichana ilikuja ikikatika, kavu. "Nitajuaje kama ni wewe? Siku ile pia ulikuwa wewe."

"Ni mimi mwenyewe, mwanangu. Wamevizima."

"Na siku ile baba alikuambia ukuta umepasuka, ukasema umemuelewa. Sauti hiihii." Akanyamaza. Haikuwa laini iliyokatika. Pumzi yake ilisikika, na nyuma yake mvua, na hakuna kitu kilichojitokeza kuujaza ukimya ule.

Bi Teopista alivua hedifoni, akaziweka mezani mbele ya Generosa, akaanza kutafuta viatu vyake vya mvua chini ya meza.

"Mama, unakwenda wapi? Barabara imekatika."

"Imekatika kwa magari." Alijifunga kanga kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu. "Mwambie nakuja. Hapana, usimwambie. Hataamini."

Alitoka. Mlango ulijibamiza nyuma yake, kisha miguu yake ikasikika ikishuka ngazi kwa kasi ambayo Generosa hakujua mama yule anayo. Mbele yake taa mia mbili zilikuwa zinamwakia. Alizitazama akijua kwamba moja kati yake inaweza kuwa ndiyo ya ukuta uliopasuka, na kwamba hawezi kujua ni ipi, akavaa hedifoni zilizokuwa bado na joto na kubonyeza ya kwanza.

"Ofisi hapa. Ni Generosa. Shikamoo. Habari za huko?"

Akasubiri ajibiwe.